Kwa nini kiti cha mtoto mlemavu hakinunuliwi mara moja

KATIKA nyumba nyingi zenye mtoto aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, kifaa cha kwanza cha kumsaidia kuketi huwa ni beseni la kufulia nguo. Mama hutandika blanketi kuukuu ndani yake, akamketisha mtoto na kumzungushia leso huku na huku asije akaanguka. Beseni hilo humfaa kwa miezi kadhaa. Kisha mtoto hukua, miguu ikatokeza nje, shingo ikalalia upande mmoja, na hapo ndipo wazazi huanza kuulizia bei ya kiti.

Bei yenyewe huwashtua. Kiti cha magurudumu cha kawaida, kile cha kukunjwa kinachoonekana katika varanda za hospitali, huuzwa takriban Sh15,000 katika maduka ya vifaa vya matibabu jijini Nairobi. Lakini kiti kinachomfaa mtoto asiyeweza kuushikilia mwili wake mwenyewe, chenye egemeo la kichwa, vizuizi vya ubavuni, mikanda ya kifua na ya nyonga, kibao cha kukanyagia na meza ndogo ya mbele, aghalabu hupita Sh40,000. Vile vinavyoagizwa kutoka ng'ambo vikiwa vimeundwa kwa vipimo vya mtoto mmoja hugharimu mara kadhaa ya kiasi hicho.

Familia iliyosajiliwa katika mpango wa Inua Jamii kwa watu wenye ulemavu mkubwa hutengewa Sh2,000 kwa mwezi. Ili kukipata kiti cha Sh40,000, ingelazimika kuweka akiba kila senti kwa miezi 20 pasipo kununua hata kibaba kimoja cha unga. Na itakapokamilisha miezi hiyo, mtoto aliyepimwa siku ya kwanza huenda akawa ameongeza urefu wa karibu sentimita kumi. Kiti kitakuwa kimeanza kumbana kabla hakijatoka dukani.

Hesabu hiyo ndogo inaonyesha jambo ambalo mijadala yetu kuhusu gharama ya vifaa vya walemavu hulisahau. Huwa tunakizungumzia kiti cha magurudumu kana kwamba ni kitanda au kabati, kitu kinachonunuliwa mara moja kikadumu miaka na mikaka. Kwa mtu mzima huenda ikawa hivyo. Kwa mtoto, kiti hukaribia zaidi kuwa kama sare ya shule: hupimwa, huvaliwa, hubana na hatimaye humpita aliyekuwa akikitumia, kisha kipimo kingine hutakiwa.

Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa karibu sentimita 50. Afikapo umri wa miaka minne huwa amekaribia mita moja, na baada ya hapo huongeza sentimita tano au sita kila mwaka hadi anapobalehe. Watoto wenye mtindio wa ubongo aghalabu hukua polepole kuliko wenzao, lakini hukua. Kiti kizuri chenye sehemu za kurefushwa kinaweza kumhudumia mtoto kwa miaka miwili au mitatu hivi. Maana yake ni kwamba kati ya umri wa miaka miwili na 18, mtoto mmoja huhitaji viti vitano au zaidi. Tukiikokotoa kwa ile bei ya Sh40,000 tu, jumla ni Sh200,000 na kuendelea, na hapo hatujataja vishikizo vya plastiki vya miguu, ambavyo kwa mtoto mdogo hubadilishwa karibu kila mwaka, wala viatu vinavyovaliwa navyo, wala fremu ya kumsaidia kusimama.

Je, ni lazima kiti kimwenee mtoto kwa usahihi kiasi hicho? Jirani mwema, na hata afisa wa serikali, huweza kuuliza kwa nini mtoto asikalie tu kiti kikubwa kilichojazwa mito. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika mifupa.

Kiti cha watu wazima huwa na upana wa sentimita 45 hivi. Nyonga za mtoto wa miaka minne zina upana wa takriban nusu ya hapo. Anapowekwa humo, miguu yake huning'inia hewani, nyonga huteleza mbele, mgongo hujikunja mithili ya upinde na kiwiliwili huangukia upande ule ule kila siku. Mtoto mwenye misuli yenye nguvu hujirekebisha. Yule ambaye ubongo wake haupeleki amri sawasawa kwenye misuli hawezi, hivyo basi hukaa katika mkao huo saa nyingi, mwezi baada ya mwezi, na mifupa ambayo ingali laini hufuata mkao huo.

Utafiti uliofanywa nchini Australia na kuchapishwa 2006 ulibaini kwamba takriban asilimia 35 ya watoto wenye mtindio wa ubongo walikuwa na tatizo la mfupa wa paja kusogea kutoka katika tundu lake la nyonga. Miongoni mwa wale walioathirika zaidi, wasioweza kuketi wala kusimama bila msaada, kiwango hicho kilifika asilimia 90. Kiti chema pekee hakiwezi kulizuia tatizo hilo, na madaktari hawadai hivyo. Lakini mtoto anayeachwa akiwa amepinda huzidi kupinda, na uti wa mgongo ukishajikunja sana, kifua hubanwa, kupumua kukawa kazi, na upasuaji wa kurekebisha hali hiyo hugharimu fedha ambazo zingenunua viti vya utoto wote.

Kuna pia suala la kulishwa. Mtoto anayelishwa akiwa amelala chali, au kichwa chake kikiwa kimeangukia nyuma, huweza kuvuta uji au maziwa hadi mapafuni. Matokeo yake ni kikohozi kisichoisha na nimonia ya mara kwa mara. Wazazi wengi huambiwa kwamba mtoto wao ana kifua dhaifu, ilhali kilicho dhaifu ni namna anavyoketishwa wakati wa chakula. Kwa mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, hatari ni nyingine. Yeye huenda asihisi chochote kuanzia kiunoni kwenda chini, na akiketi juu ya kitambaa kigumu kwa saa chache tu ngozi huanza kufa bila yeye kulia wala kulalamika. Kidonda cha aina hiyo huweza kumlaza hospitalini kwa miezi. Kinachomkinga ni mto maalum wa kukalia, ambao wauzaji wengi huuhesabu kando na bei ya kiti.

Sasa tugeukie gharama yenyewe na mahali inapotokea, kwa kuwa si halali kumlaumu mwenye duka kwa kila kitu.

Kiti cha mtu mzima hutengenezwa viwandani kwa maelfu, vipimo vikiwa vichache. Viti vya watoto wenye ulemavu mkubwa huhitaji vipimo vingi, sehemu nyingi za kurekebishwa, na wanunuzi wake ni wachache na maskini. Kiwanda hakiwezi kupunguza bei kwa kuuza vingi kwa kuwa hakiuzi vingi. Fauka ya hayo, kifaa kinachonunuliwa kwa dola huifuata dola. Mapema 2020, kifaa cha dola 300 kilihitaji takriban Sh30,000. Kufikia Januari 2024, shilingi ilipokuwa imeporomoka hadi karibu 160 kwa dola moja, kifaa hicho hicho kilihitaji Sh48,000 kabla ya kulipia meli. Shilingi ilipata nafuu baadaye mwaka huo, ila bei zikishapanda hapa kwetu hazina haraka ya kuteremka.

Ushuru nao una hadithi yake. Viti vya magurudumu havitozwi ushuru wa forodha chini ya viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ambayo nafasi yake ilitwaliwa na sheria mpya ya 2025, nayo ilitamka wazi kwamba vifaa vilivyoundwa kwa ajili ya walemavu visitozwe ushuru wa kuviingiza nchini, VAT wala ada za bandarini zinazoweza kuviongezea bei. Hayo ni mema. Hata hivyo, fundi wa Kenya anayetaka kuunda kiti hapa hapa nchini haanzi na kiti. Huanza na bomba la chuma, beringi, plaiwudi, sponji, rangi na tairi, vitu anavyovinunua katika duka la hadiwea akitozwa VAT ya asilimia 16 sawa na mtu anayeunda lango la jumba la kifahari. Msamaha unaokinufaisha kiti kilichoingia kikiwa kimekamilika haumfikii kwa urahisi yule anayekichomelea Mombasa au Kisumu. Mtu angetarajia kinyume chake.

Lakini sehemu kubwa ya gharama haionekani kwa macho, nayo ni muda wa mtaalamu. Mnamo 2006, wataalamu walikutana mjini Bangalore, India, kuzungumzia viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo, na miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa mwongozo uliogawa huduma hiyo katika hatua nane. Mtumiaji huelekezwa kwenye kituo na kupewa miadi, hutathminiwa, huandikiwa aina ya kiti kinachomfaa, fedha hutafutwa na kiti kikaagizwa, hutayarishwa, kisha hukikalia mbele ya mtaalamu kikarekebishwa mwilini mwake. Baada ya hapo yeye na wanaomtunza hufunzwa kukitumia, na mwisho hufuatiliwa na kukarabatiwa kiti. Kati ya hatua hizo nane, ni moja au mbili tu zinazohusu ununuzi. Nyingine zote ni kazi ya mikono na macho ya mtu aliyesomea.

Watu hao ni haba. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu nchini (KMTC) hufundisha mafundi wa viungo bandia jijini Nairobi, na ng'ambo ya mpaka, mjini Moshi, Tanzania, kuna chuo cha TATCOT kilichoanzishwa 1981 karibu na hospitali ya KCMC, ambacho kimewafunza mafundi kutoka mataifa mengi ya Afrika. Wanaohitimu hukaa mijini kwa sababu karakana ziko mijini. Kwa mzazi anayeishi mbali, kila mojawapo ya hatua zile huwa ni safari. Nauli yake, nauli ya mtoto, wakati mwingine ada ya kiti chenyewe ambacho makanga hukihesabu kama mzigo, na siku ya kibarua iliyopotea. Wazazi wanaoacha njiani kumtafutia mtoto kiti hawawi wote wameshindwa na bei. Wengi hushindwa na safari ya tatu.

Ni kwa sababu ya kutoielewa hesabu hii ambapo misaada mingi hupotea bure. Sote tumeiona picha: uwanja wa shule, hema, viti vya magurudumu vimepangwa safu vikiwa bado na karatasi za plastiki, mheshimiwa akitabasamu, na mtoto aliyezamishwa ndani ya kiti kinachoweza kuwabeba watatu wa umri wake. Wafadhili hao wana nia njema, nami sitaki kuwakatisha tamaa. Ila kiti kilichotolewa hivyo, bila kumpima anayepewa, mara nyingi hupatikana miezi sita baadaye nyuma ya nyumba kikiwa kimeanikiwa nguo. Magurudumu yake madogo ya mbele, yaliyoundwa kwa sakafu ya hospitali, hukwama kwenye mchanga wa Magarini na kwenye tope la Budalang'i. Tairi likipasuka, vipuri vyake havipatikani kwa fundi wa baiskeli sokoni.

Hili la fundi wa baiskeli halipaswi kudharauliwa. Miongoni mwa viti vinavyodumu zaidi mashambani ni vile vya magurudumu matatu, vyenye gurudumu moja la mbele lililosogezwa mbali kidogo, ambalo hupita juu ya mawe bila kukipindua kiti, na yale mawili ya nyuma yakiwa ya kipimo cha baiskeli. Tyubu, spoku na beringi zake zipo katika kila kituo cha biashara nchini. Havikunjiki vyema kuingia kwenye matatu, na hiyo ni kasoro kubwa kwa familia ya mjini. Kwa familia ya Turkana au Kwale ambayo barabara yake ni ya changarawe, kasoro hiyo ni ndogo.

Kenya haijaanza jana kuunda vifaa vyake. Chama cha Walemavu wa Viungo nchini (APDK) kilianzishwa 1958, na karakana zake zimekuwa zikitengeneza viti vya magurudumu, viatu maalum, magongo na viungo bandia, huku kliniki zake za kuzunguka zikiwafuata wagonjwa mashinani. Karakana za Bombolulu, Mombasa, zilizoanza 1969, zimewapa kazi mafundi ambao wao wenyewe ni walemavu. Mtu anayetumia kiti ndiye anayejua ni wapi kinapomsugua. Fundi wa aina hiyo haelezwi mara mbili. Kinachokosekana katika karakana kama hizi ni mnunuzi wa kudumu. Huagizwa viti vingi mfadhili anapotokea, kisha hukaa miezi kadhaa bila oda, na hakuna fundi anayeweza kupunguza bei ya bidhaa asiyojua kama itanunuliwa mwezi ujao.

Wafadhili wenyewe si wa kutegemewa milele. Shirika la Marekani la USAID lilikuwa limegharimia huduma za viti vya magurudumu katika nchi maskini kwa zaidi ya miaka 20. Mnamo 2025 lilifungwa.

Kuna njia nyingine ya bei nafuu mno ambayo haijapata sifa inayostahili, huenda kwa kuwa inaonekana kama mchezo wa watoto. Nchini Zimbabwe, mwalimu Bevill Packer alibuni namna ya kuunda samani kwa karatasi kuukuu na maboksi ya kadibodi yaliyobandikwa kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka. Zikikauka, huwa ngumu kama mbao. Wataalamu wa mazoezi ya viungo waliichukua mbinu hiyo wakaitumia kuunda viti vya watoto wenye mtindio wa ubongo, na mafunzo yake yameenea katika nchi kadhaa za Afrika. Kiti cha namna hiyo huchongwa kufuata mwili wa mtoto mmoja: mgongo wake, upana wa mapaja yake, urefu wa miguu yake. Gharama yake ni unga, rangi ya kukikinga na maji, na siku kadhaa za kazi. Mtoto akikipita, hakuna aliyepoteza mali, kingine huundwa.

Kiti hicho hakina magurudumu, hakipendi mvua, na hakimpeleki mtoto shuleni. Lakini kinamwezesha kuketi wima wakati wa kula na wakati wa kucheza, akiwatazama wenzake usoni badala ya kuitazama dari. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, hilo ndilo hitaji la kwanza, na linaweza kutimizwa nyumbani mradi mtaalamu apime na kuelekeza. Kitu ambacho hakifai ni kukiunda kwa kukisia tu, kwa kuwa kiti cha kadibodi kilichopimwa vibaya humkunja mtoto sawasawa na kile cha dola 1,000.

Nimekitilia mkazo kiti kwa sababu ndicho kifaa kinachoonyesha tatizo hili kwa uwazi zaidi. Hali ya vifaa vingine haina tofauti kubwa. Kifaa cha kusaidia kusikia hununuliwa kwa maelfu ya shilingi, kisha betri zake ndogo hudumu wiki moja au mbili tu, na ule mpira unaoingizwa sikioni huhitaji kuundwa upya kila sikio linapokua, jambo ambalo kwa mtoto mchanga hutokea kila baada ya miezi michache. Mpira ukilegea, kifaa hupiga mluzi na mtoto hukivua. Kwa asiyeona, mashine ya Perkins ya kuandikia breli, ambayo muundo wake haujabadilika sana tangu ilipoanza kuuzwa 1951, hugharimu zaidi ya dola 700 huko Marekani inakotengenezwa. Uzuri wake ni kwamba haimpiti mtoto kwa kukua. Ikitunzwa na kutiwa mafuta huhudumu kwa miongo. Hapo tatizo ni fundi wa kuirekebisha, na shule kadhaa zina mashine zilizofungiwa stoo kwa kukosa kipuri kidogo.

Tukiiangalia sheria, Kenya haina upungufu wa maneno. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kuvikabili vikwazo vya ulemavu wake. Miaka miwili kabla ya Katiba hiyo, nchi ilikuwa imeidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unazitaka serikali kurahisisha upatikanaji wa vifaa bora vya kutembelea kwa gharama ambayo watu wanaimudu. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina hazina inayotoa vifaa kwa wanaotuma maombi, na mtoto anaweza kuombewa na mzazi wake.

Pengo limo katika mpango. Serikali hununua vifaa kama inavyonunua madawati: idadi hutajwa, zabuni hutangazwa, vifaa hupokewa na kugawanywa. Utaratibu huo humchagua mwenye bei ya chini kwa kiti kimoja, na hauna safu ya kuandika gharama ya kupima, kurekebisha, kukarabati na kubadilisha baada ya miaka miwili. Kwenye karatasi, mtoto aliyepewa kiti mwaka juzi amekwisha kuhudumiwa. Kwa hakika huenda wakati huu ameketi chini.

Hata idadi ya watoto wenyewe inatatiza. Sensa ya 2019 ilieleza kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya, yaani takriban watu 900,000, walikuwa na ulemavu. Kiwango hicho ni cha watu wenye umri wa miaka mitano na zaidi, maadamu maswali yaliyotumiwa yaliwalenga waliotimiza umri huo. Watoto wa chini ya miaka mitano, ambao mifupa yao ndiyo laini zaidi na ambao kiti kingewaokoa zaidi, hawamo katika hesabu hiyo. Ni vigumu kumpangia bajeti mtoto ambaye hajahesabiwa. Ripoti ya WHO na Unicef ya 2022 kuhusu vifaa saidizi ilieleza kwamba katika baadhi ya nchi maskini, ni asilimia tatu tu ya wanaovihitaji wanaovipata, ilhali katika nchi tajiri kiwango hicho hufika asilimia 90.

Kwa mzazi anayesoma haya akiwa na mtoto mapajani, mambo machache yanaweza kumpunguzia gharama. La kwanza ni kumsajili mtoto mapema na Baraza la Kitaifa, hata kabla ya kujua atahitaji kifaa gani. Usajili huhitaji ripoti ya tathmini kutoka hospitalini na huchukua muda, na asiyesajiliwa hawezi kufikiriwa misaada inapotolewa. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, ambavyo Wizara ya Elimu imekuwa navyo tangu 1984, huweza kumwelekeza mzazi na kumwonyesha shule ifaayo, ijapokuwa havina vifaa vya kugawa.

Jambo la pili ni kutokipokea kiti chochote kabla mtoto hajakikalia. Akiketi, nyonga zake zifike nyuma kabisa ya kiti, na katikati ya paja na ukingo wa upande papite kiganja kimoja kilichosimamishwa, si zaidi. Magoti yakunjike huku nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga kibao. Nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili hivi. Kichwa kikianguka, kiti kiwe na cha kukishika. Mwenye kutoa msaada akikasirika kwa kuulizwa maswali haya, na aelezwe kwa heshima kwamba kiti kisichomwenea mtoto huyu kitamwenea mwingine, afadhali apewe huyo.

Maneno hayo ya mwisho yanaelekea kwenye suluhisho ambalo halihitaji fedha nyingi. Katika kila kaunti kuna nyumba zenye viti vidogo ambavyo wenyewe wamekua wakaviacha, na jirani zao wanaovitafuta. Vikundi vya wazazi, ambavyo tayari hukutana kwa chama na kwa kutiana moyo, vinaweza kuandika daftari la vifaa vilivyopo, upana na urefu wake, na kuvipeleka kwa fundi virekebishwe kabla ya kumkabidhi mtoto wa pili. Kiti cha Sh40,000 kikiwahudumia watoto watatu kwa zamu, bei yake kwa kila mmoja hushuka hadi takriban Sh13,000, ukitoa gharama ya sponji mpya na tairi. Hospitali za kaunti zenye idara ya mazoezi ya viungo zingeweza kulitunza daftari hilo bila kuajiri mtu mwingine.

Na mzazi anapokwenda kupimiwa mtoto kiti kipya, asikiache cha zamani nyumbani hata kama ni kizee kiasi gani. Mtaalamu mzuri hukikagua kwanza kabla ya kumgusa mtoto. Ukingo wa kushoto wa sponji ukiwa umelika kuliko wa kulia, anajua mtoto anaangukia kushoto. Kibao cha miguu kikiwa kimepinda upande mmoja, anajua ni mguu upi unaokakamaa. Na mkanda wa kifua usiokuwa na mkunjo wowote humwambia kwamba haukuwahi kufungwa, pengine kwa sababu hakuna aliyemfunza mama namna ya kuufunga.